Wasimamizi Wasimame

Wifi yangu ana mikono ambayo Mungu aliiumba siku alipokuwa na nafasi. Nasema hivi bila kupenda. Shati likipita kwake linatoka limenyooka mpaka mwenyewe anaona haya kulivaa, na kola inasimama kama imepewa amri. Wateja walikuwa wakifika pale udobini wanauliza, "Yule dada wa meza ya dirishani yupo?" Meza ya dirishani ilikuwa na pasi mbili, yake na yangu, lakini sijawahi kusikia mteja hata mmoja akiuliza habari za yule dada mwingine.

Dada mwingine ni mimi.

Udobi wetu ulikuwa chumba kirefu chenye unyevu ukutani, mashine nyuma, meza mbele, na mvuke katikati uliotufanya sote tuonekane tumetoka kulia. Tulifua mashuka ya hospitali, vitambaa vya meza vya hoteli, na mashati ya watu wasiopenda kufua mashati yao. Tulikuwa watu watano. Mimi na wifi tulipiga pasi. Mama Pacha alikunja. Mzee wa Mashine aliziangalia mashine, akizitukana kwa sauti ya chini tangu asubuhi. Wa tano tulimwita Kimya. Alipokea nguo na kuzipanga, na aliongea kama vile maneno nayo yanatozwa kaunta.

Mwenye udobi alitaka tumwite Mjomba. Hakuwa mjomba wa yeyote kati yetu. Alisema pale hakuna bosi, pale ni familia, na sisi akatuita wapwa zake. Ukishaitwa mpwa, mdomo unakuwa mzito kuuliza habari za mshahara, maana ni nani mwenye adabu atakayemdai mjomba wake?

Nyumbani nako nilikuwa na wifi yuleyule. Mume wangu alipunguzwa kazi, tukahamia kwa mama yake, tukapewa chumba cha nyuma kinachotazama bafu. Wifi alikuwa amerudi kabla yetu, baada ya mume wake kutoka kununua betri za redio na kutoonekana tena. Mpaka leo redio imenyamaza. Yeye alipewa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Mama mkwe alimwekea finyango ya kwanza ya nyama. Mume wangu akirudi jioni aliuliza, "Dada kala?" kabla hajauliza kama mimi niko hai. Tulipikia jiko moja, sufuria zetu zikaelekea kufanana, na nikikuta sufuria yangu imesuguliwa ikang'aa kuliko nilivyoiacha, nilijua ni nani, na nilikasirika.

Nilikuwa nimepata vyumba viwili nyuma ya soko. Mwenye nyumba, mama mmoja muuza vifungo na zipu, alisema ataniwekea, ila nilipe kodi ya miezi kadhaa mbele. Vyumba vyenyewe si vya kuringia, sakafu imepasuka. Lakini vilikuwa na mlango wake. Mlango wangu, ufunguo wangu, na sufuria zisizoguswa na mkono mwingine. Nilikuwa nikilala nikiuwaza mlango ule, kitasa chake na rangi yake ya kijani iliyobanduka. Kila nilichofanya mwaka ule nilikifanya kwa ajili yake.

Sasa, serikali ilikuwa imetoa amri. Tuliisikia redioni tukiwa kazini: mtu akifanya kazi kupita saa zilizowekwa, saa za ziada zilipwe, tena kwa bei ya juu kidogo kuliko saa za kawaida. Wasioguswa na amri hiyo ni wasimamizi tu, maana msimamizi ana mshahara wa cheo. Tulitazamana. Mjomba akaja akazima redio.

"Serikali inajua nini kuhusu pasi?" alituuliza. "Hili ni soko huria, wapwa zangu. Mimi nina kazi, ninyi mna mikono, tumekubaliana. Wa tatu anatafuta nini hapo katikati?"

Tukatikisa vichwa kukubali. Baadaye nimeufikiria sana ule uhuru wa soko lake. Yeye alikuwa huru kupunguza, sisi tulikuwa huru kunyamaza, na kila upande uliutumia uhuru wake vizuri sana.

Hazikupita siku nyingi, wifi akaitwa ofisini. Alipotoka alikuwa na ufunguo shingoni, umefungwa kwa utepe mwekundu. Ufunguo wa stoo ya sabuni na wanga. Alirudi mezani, akashika pasi yake, na ufunguo ukawa unaning'inia na kucheza kila alipoinama. Gere nililoliona siku ile sikuwahi kuliona hata kwa chumba cha mbele. Mimi ndiye niliyekuwa naota ufunguo usiku na mchana, na sasa umepewa shingo ambayo haikuuomba. Niliunguza foronya.

Mchana nilimfuata Mjomba ofisini. Sikujua nitasema nini, na sikuhitaji kusema. Alifunga mlango taratibu.

"Ufunguo ni chuma tu, mpwa wangu," aliniambia. "Wewe nimekuwekea kikubwa zaidi. Kuanzia leo wewe ni msimamizi. Ila usiwaambie wenzako, wataona wivu. Hasa wifi yako."

Alijua panaponiwasha, akanikuna hapo hapo. Akanipa na kiti chenye mgongo, nikiweke kwenye meza yangu. Wakati ananifungulia mlango, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba msimamizi hahesabiwi saa kama kibarua, hilo bila shaka nalijua. Nikasema nalijua. Kile kidogo alichokuwa akitupa zamani tukichelewa kutoka kikakoma tangu siku hiyo, na mimi sikuuliza, maana cheo kina heshima zake. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nikatembea nacho shingo wima.

Kazi ikaongezeka. Hoteli nyingine ilileta mashuka yake, hospitali ikafungua wodi mpya, na watu tulikuwa walewale watano. Tulianza kutoka na giza. Mimi nilijiwekea sheria moja: sitatoka kabla ya wifi. Yeye ana ufunguo, mimi nina cheo, na mwenye cheo ndiye wa mwisho kutoka. Kwa hiyo nilimwangalia. Sijui kama kuna mke anayemwangalia mumewe vile. Nilijua siku za mashuka ya hospitali anatoka wakati duka la mkabala linashusha milango yake ya chuma. Nilijua siku za vitambaa vya hoteli anabaki mpaka Mzee wa Mashine azime mashine ya mwisho na ukimya uingie masikioni. Nilijua akichoka hubadili mguu, na kwamba kabla ya kuondoka hukunja kitambaa chake cha jasho mara mbili na kukiweka chini ya pasi iliyopoa. Akishaufunga mlango nyuma yake, mimi nilibaki napiga foronya chache zaidi, si kwa sababu zilihitajika, ila nimpite. Kile kiti chenye mgongo sikukikalia hata siku moja.

Nyumbani mume wangu aliuliza, huko kuchelewa kote kunaleta nini? Nikamwambia asubiri. Mwenye vyumba naye akanitumia salamu kwamba kuna mtu mwingine ameviulizia, na kwamba vifungo haviuziki siku hizi, hataweza kuvishikilia milele. Nikamtumia salamu kwamba asubiri. Nilikuwa nangoja nini? Nilidhani cheo kikikaa kitaota mshahara, kama kiazi kilichosahauliwa kabatini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuja asubuhi moja bila kupiga hodi: mkaguzi kutoka ofisi ya kazi. Alikuwa mama mfupi mwenye mkoba mzito, na blauzi yake, samahani kwa kusema, ilipigwa pasi na adui. Kola ilikuwa na ule mng'aro wa pasi iliyozidi moto. Nilimdharau papo hapo. Mjomba alimkimbilia na kiti na soda ya baridi. Mkaguzi alikaa kwenye kiti, soda akaiacha itoe jasho mezani.

Aliuliza saa zetu za kazi zinaandikwa wapi. Mjomba akasema haziandikwi popote, kwa sababu pale hakuna vibarua, ni familia, tena ni familia ya wasimamizi. Msimamizi haandikwi saa, amri yenyewe ndivyo inavyosema. Mkaguzi akatutazama mmoja mmoja katika mvuke wetu.

"Sawa," alisema. "Wasimamizi wasimame pale dirishani. Wengine wabaki kwenye meza zao."

Moyo ulinipiga kwa furaha, nakwambia. Siku yenyewe ndiyo ile, na wifi yupo, anaona. Nililaza pasi yangu juu ya shati nililokuwa nalipiga, kosa ambalo hata anayeanza kazi leo halifanyi, nikaenda dirishani nikiwa wa kwanza. Nilienda polepole ili nionekane. Nilipogeuka kumtazama wifi usoni, nilikutana na utepe mwekundu. Alikuwa nyuma yangu, anakuja, na ufunguo wake unacheza. Nyuma yake Mama Pacha, anajifuta mikono. Halafu Mzee wa Mashine, ndani ya koti jeupe ambalo alituambia alipewa na shemeji yake. Mwisho kabisa akaja Kimya, akasimama pembeni yetu akitazama viatu vyake.

Meza zikabaki peke yao.

"Sasa mnamsimamia nani?" aliuliza mkaguzi.

"Mimi nasimamia mashine," alisema Mzee wa Mashine baada ya kufikiri. "Nayo hainisikii."

Ningependa kusema hasira yangu ilimwendea Mjomba, aliyetunong'oneza watano neno moja kama mtu anayewachumbia mabinti watano kwa pete moja. Haikumwendea. Ilimwendea wifi. Hata hiki? Chumba cha mbele ni chake, finyango ya kwanza yake, wateja wake, ufunguo wake, na kumbe hata hiki nilichokuwa nakikumbatia gizani, naye alikuwa nacho.

Mkaguzi akatueleza kwa lugha nyepesi. Kama sisi ni wasimamizi kweli, hatuna cha kudai na yeye anakwenda zake. Kama si wasimamizi, basi saa zetu zote za ziada tangu amri itoke ziko mfukoni mwa Mjomba, na zitatoka. Cheo cha mdomoni hakimfanyi mtu kuwa msimamizi. Anayejua kwamba yeye si msimamizi arudi kwenye meza yake.

"Waulize wenyewe," alisema Mjomba, na sauti yake ilikuwa tamu kama asali. "Sikumlazimisha mtu. Walikubali kwa hiari yao. Soko huria."

Alikuwa na hakika, na alikuwa na haki ya kuwa na hakika, kwa sababu hakuna aliyenyanyua mguu. Mlango wangu wa kijani ulikuwa pale mezani, naweza kuufikia nikinyoosha mkono, na mguu wangu ukakataa. Nilimtazama wifi. Nilisema moyoni, atangulie yeye. Akirudi yeye mezani nikabaki mimi dirishani hata kidogo tu, hata kwa muda wa kupiga chafya, nitakuwa nimempita mara moja maishani, halafu nitarudi. Nadhani Mama Pacha alikuwa akimngoja Mzee, na Mzee akimngoja Kimya. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa madobi.

Ndipo harufu ikaanza. Kila aliyewahi kushika pasi anaijua ile harufu, na sote tuliijua kwa pamoja. Moshi mwembamba ulitoka chini ya pasi yangu. Shati jeupe la watu lilikuwa linaungua.

Hakuna aliyeenda. Sikiliza upumbavu huo: kwenda kuinyanyua pasi ilikuwa ni kurudi mezani, na kurudi mezani ni kukiri. Tulisimama wasimamizi watano tukitazama shati likigeuka rangi. Mkaguzi alitazama shati, akatutazama sisi, akaacha liungue.

Aliyeenda ni wifi. Hakunitazama mimi wala mtu mwingine. Alienda kwa hatua zake za kila siku, akainyanyua pasi yangu, akaisimamisha, akalimwagia shati maji kwa kiganja na kuligeuza kuona kama litaokoka. Halikuokoka.

"Wewe si msimamizi?" mkaguzi alimuuliza.

"Mimi napiga pasi," alisema wifi.

Basi. Maneno matatu. Na mimi niliyekuwa nimetaka atangulie, nilipoona ametangulia, tena kwa wema, tena kwa kuokoa kosa langu, nilikasirika zaidi. Hata kushindwa alikujua kuliko mimi.

Mkaguzi akamuuliza alikuwa anatoka saa ngapi. Wifi akafikiri. Akasema kazi ikiisha. Ikiisha saa ngapi? Alisema inategemea, hakuwa na mazoea ya kutazama saa, nyumbani hakuna anayemngoja. Mjomba akaona mwanya. Alisema kwa huruma kwamba huyu mpwa wake ni mwanamke wa heshima, alikuwa anatoka jua likiwaka, kila siku, na yeye Mjomba ni shahidi.

Hapo nilipasuka. Kama wifi alikuwa anatoka jua likiwaka, basi mimi niliyekuwa nikimshinda kila siku nilikuwa namshinda nani? Zile foronya zote, ile miguu iliyovimba, zile jioni zote nilizosema leo nimempita, nilikuwa nimempita mtu aliyeshafika nyumbani amekunja miguu? Sikubali. Nitanyang'anywa saa zangu, nitanyang'anywa mlango, lakini sitanyang'anywa ushindi wangu.

"Muongo," nilimwambia Mjomba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita jina lake halisi. "Hajawahi kutoka jua likiwaka huyu."

Nikatoka dirishani nikaanza. Nilimwambia mkaguzi habari za siku za mashuka na milango ya chuma ya duka la mkabala. Nilimwambia habari za vitambaa vya hoteli na mashine ya mwisho. Siku ya mvua kubwa ambapo wifi alibaki akikausha mashuka kwa pasi mpaka taa zikazimika na kurudi. Wiki ile ya wodi mpya, alipokuwa anabadili mguu kila shuka moja. Nilimweleza mpaka kile kitambaa cha jasho kinachokunjwa mara mbili. Mkaguzi aliandika bila kunyanyua kichwa. Mwenye duka la mkabala aliitwa, akaulizwa anafunga lini, akasema, ikalingana. Mzee wa Mashine akasema ndiyo, mashine ya mwisho huizima yeye, na dada huyu huwa bado yupo. Alikuwa amesharudi kwenye mashine yake, na koti jeupe amelivua. Mama Pacha na Kimya nao walikuwa mezani, sikuona hata walirudi lini.

Nilipomaliza, wifi alikuwa ananitazama.

"Na yeye?" mkaguzi alimuuliza wifi, akinionyesha mimi kwa kalamu. "Alikuwa anatoka wakati gani?"

Wifi ni mtu asiyesema uongo. Hilo nalo lilikuwa likiniudhi.

"Sijui," alisema. "Samahani, wifi. Sikuwahi kukuangalia."

Afadhali angenizaba kofi. Miaka yote ile. Nilidhani tuko wawili kwenye shindano. Nilidhani naye analala akinihesabu, anaona kiti changu, anaumia. Kumbe nilikuwa nakimbia peke yangu, na mwenzangu alikuwa anapiga pasi.

Mjomba akatabasamu. Akasema basi huyu hana shahidi, na asiye na shahidi hana saa. Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa ile blauzi yake mbaya, akaniuliza mimi nilikuwa wapi wakati namwona wifi akikunja kitambaa.

"Palepale mezani," nilisema.

"Ukifanya nini?"

"Napiga pasi."

"Basi kama ulimwona akitoka, ulikuwepo," alisema mkaguzi. "Saa zake ni zako."

Na baada ya pale? nilimuuliza. Zile foronya za mwisho, akishaondoka? Mkaguzi akauliza ni nani aliyeniona. Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeniona. Akasema hizo basi hawezi kuniandikia. Kwa hiyo tukalipwa sawa, mimi na wifi, sawa sawia, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa thamani ya njiti ya kiberiti. Wengine nao walipewa zao. Mjomba alilipa kwa mafungu huku akilia kwamba serikali imeua familia yake.

Fungu la kwanza likatosha kodi. Siku tunahama, wifi alinisaidia kubeba sufuria. Alizifunga kwa gazeti moja moja, akachukua muda mrefu. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mume wangu tulikaa naye miaka sita. Hakuwahi kujua mimi hurudi saa ngapi." Alikunja gazeti jingine. "Wewe ulijua mpaka kitambaa."

Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba haukuwa upendo. Nikaona sina haja ya kumpa na huo.

Nikapata mlango wangu. Usiku wa kwanza niliufunga, nikaufungua, nikaufunga, mpaka mume wangu akauliza kama kuna mwizi. Nililala kama gogo, na asubuhi yake nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza. Nilikuwa sijui, lakini miaka yote ile nilikuwa naamshwa na ndoo ya wifi bafuni. Nikiisikia ndoo yake tu nimeshasimama, nisije nikatanguliwa. Kwenye nyumba yangu kulikuwa na ndoo moja, yangu, nayo haiwezi kuniamsha nikiwa nimelala.

Nilikimbia soko zima. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni chini ya saa mpya ya ukutani. Tangu aanze kulipa kwa saa, alikuwa amezipenda dakika kuliko wapwa zake, na alikuwa amebandika tangazo: anayechelewa, hata kidogo, anakatwa nusu siku. Amri haikusema hivyo, lakini mkaguzi haji kila siku. Nikajipenyeza kwa mlango wa uani. Aliniona nahema nyuma ya marobota ya mashuka, akageukia chumba.

"Huyu kaingia saa ngapi?" aliuliza watu wote.

Wifi alikuwa ameinamia kola ya shati. Hakunyanyua hata macho.

"Kaingia na mimi, Mjomba," alisema. "Nilimwona."

"Tulimwona," alisema Kimya, na Mzee wa Mashine karibu aangushe ndoo kwa kuisikia sauti hiyo.

Mjomba akatutazama, akaitazama saa yake, akaingia ofisini. Nikaenda mezani kwangu bila kusema asante, maana ningefungua mdomo ningelia. Yeye asiyesema uongo, aliyeshindwa kunisemea uongo mbele ya mkaguzi, leo kasema, tena bila kubadili mguu. Nikamwonea gere hata kwa hilo. Mimi nilihitaji miezi ya kumchunguza ili nimsemee ukweli, na yeye kanipa hivi hivi, huku akiendelea na kola yake.

Nikanyoosha mkono kuiwasha pasi yangu. Ilikuwa imeshawashwa, na imeshapata moto.